Kiti cha Mwongozaji: Wajerumani Wanapopiga Filamu Kenya

Filamu ya Caroline Link, Nirgendwo in Afrika, ilitoka Ujerumani Desemba 2001, na Machi 2003 ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mwaka 2012 Kenya nayo ilipeleka filamu yake ya kwanza kabisa kuwania tuzo hiyohiyo: Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga. Nyuma ya filamu hii ya pili alikuwepo mwongozaji mwingine wa Kijerumani, Tom Tykwer, aliyejulikana duniani kwa Lola rennt ya 1998. Zote mbili zilipigwa Kenya, watu wanazungumza Kiswahili ndani yake, na fedha za Ujerumani zilihusika. Lakini moja ni ya Ujerumani na nyingine ni ya Kenya.

Kanuni ya Oscar inaeleza kwa nini. Nchi inayopeleka filamu lazima ithibitishe kwamba maamuzi ya kisanii yalikuwa mikononi mwa raia au wakazi wake. Mandhari hayahesabiki, wala idadi ya waigizaji wenyeji. Kinachoangaliwa ni nani alikuwa na neno la mwisho: nani aliongoza, nani aliandika, nani alikaa na mhariri. Ndiyo maana kila nikisoma mahojiano ya mwongozaji wa Ulaya anayeeleza "uzoefu wake Afrika", natafuta kwanza alikaa kwenye kiti gani. Na kiti hicho, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, huwa kimeshagawiwa na aina ya fedha miaka miwili kabla ya mtu yeyote kupanda ndege.

Tuanze na fedha hizo. Filamu ya kawaida ya Ujerumani haina tajiri mmoja anayelipa kila kitu. Huunganishwa vipande: kituo cha televisheni, mfuko wa taifa, mfuko wa jimbo moja au mawili, na kampuni ya usambazaji inayolipa malipo ya awali. Kila kipande kina sharti lake. Mfuko wa jimbo la Bavaria, kwa mfano, hudai kwamba kwa kila euro 1 unayopewa, angalau euro 1.5 itumike ndani ya Bavaria. Mfuko wa taifa wa DFFF, ulioanza 2007, hurudisha sehemu ya gharama zilizotumika Ujerumani tu. Senti uliyotumia Naivasha haimo. Kwa hiyo mtayarishaji anayepeleka filamu Afrika Mashariki hulazimika kurudisha nyumbani kila kinachoweza kurudi: uhariri, mchanganyo wa sauti, urekebishaji wa rangi, muziki, na pengine hata vyumba vya ndani vinavyojengwa studio. Mtazamaji huona mtu akiingia nyumba ya shamba Kenya, lakini mlango wa pili wa nyumba hiyo unaweza kuwa Munich.

Nchi za Ulaya zinaposhirikiana, kuna hesabu nyingine ya pointi. Mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu utayarishaji wa pamoja, ule uliofanyiwa marekebisho 2017, huipima filamu ya hadithi kwa pointi 21, na inatakiwa ipate 16 ili itambuliwe. Mwongozaji wa kutoka nchi wanachama ana pointi 4, mwandishi 3, mwigizaji mkuu 3, wa pili 2, wa tatu 1. Zinazobaki hugawanywa moja moja kwa mtunzi wa muziki, mpiga picha mkuu, fundi sauti, mhariri na wengine. Sasa chukua penseli. Weka mwongozaji Mkenya, pointi 4 zimeondoka. Weka mwandishi Mkenya, 3 nyingine. Weka mwigizaji mkuu Mkenya, 3 tena. Umebaki na 11. Mamlaka zinaweza kulegeza sharti hilo, lakini hakuna mtayarishaji mwenye madeni anayependa kujenga bajeti juu ya huruma ya ofisi. Mzungu akikaa kwenye kiti cha mwongozaji wa hadithi ya Afrika, basi, si lazima iwe kiburi chake. Mara nyingi ni jedwali.

Link hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu hadithi yake ni ya Wajerumani. Familia ya Kiyahudi inakimbia utawala wa Hitler mwaka 1938 na kuanza maisha kwenye shamba Rongai, Kenya. Lakini alijiwekea tatizo gumu zaidi: aliacha Kiswahili kibebe sehemu kubwa ya uhusiano wa watu. Mpishi Owuor, aliyeigizwa na Sidede Onyulo, na mtoto Regina, aliyeigizwa na Lea Kurka, wanajenga urafiki wao katika lugha hiyo. Mama, Jettel, mwanzoni anakataa kujifunza na kumtaka mpishi ajifunze Kijerumani. Mchezo wote wa mamlaka ndani ya nyumba ile unasikika katika nani anazungumza lugha ya nani. Ukikosea Kiswahili hapo, umekosea filamu.

Kumfundisha Mjerumani mistari ya Kiswahili kuna mitego yake, na inajulikana. Alfabeti ni ileile, kwa hiyo mwigizaji husoma kwa sauti za kwao bila kujua. W ya Kijerumani husikika kama v, j kama y, z kama ts, v kama f, na s iliyo mbele ya irabu kama z. Mpe karatasi iliyoandikwa "sasa wewe kaa", atasoma "zaza veve kaa". Mpe "jambo zuri", utapata "yambo tsuri". Dawa ya kwanza ambayo watu hukimbilia ni kuandika upya mistari kwa tahajia ya Kijerumani, na hiyo huharibu zaidi, maana mwigizaji anaanza kuishi ndani ya karatasi. Kinachofanya kazi ni sauti: mzungumzaji anarekodi kila mstari mara tatu, polepole, kwa mwendo wa kawaida, na kwa hisia ya tukio lenyewe, mwigizaji anasikiliza wiki kadhaa kabla ya kuona maandishi. Mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo likishika, hata kosa dogo la konsonanti husameheka. Watoto hushika haraka kuliko watu wazima kwa sababu hawasomi kwanza.

Halafu, Kiswahili kipi? Mshauri wa lugha kutoka Lamu au Zanzibar atasahihisha kila mstari ukawa mzuri, na filamu ikawa ya uongo. Shamba la Rongai mwaka 1938 halikuwa na Kiswahili cha pwani. Walowezi walikuwa na Kisetla chao, vipande vya amri visivyo na ngeli. Mpishi mwenye jina la Kijaluo kama Owuor angetarajiwa kuwa na lafudhi ya Nyanza, ambako sh huelekea kuwa s. Mtoto aliyekulia jikoni kwake angeiga lafudhi hiyo hiyo, si ya kitabu. Mwongozaji asiyejua lugha hawezi kusikia tofauti hizi kwenye vipokea sauti. Anahitaji mtu mmoja, aliyetajwa kwenye mkataba, mwenye ruhusa ya kusema "turudie" kwa sababu ya lugha tu. Pasipo ruhusa hiyo iliyoandikwa, mshauri hunyamaza, kwa sababu mwanga unakwisha, wafanyakazi wamechoka na mwongozaji ameshatabasamu.

Na mwanga Kenya hukwisha kweli. Jambo hili huwashika Wajerumani wengi siku ya kwanza. Berlin mwezi Juni jua huzama saa tatu na nusu usiku, na kabla ya hapo huteleza pembeni kwa muda mrefu, likitoa ule mwanga wa dhahabu ambao mpiga picha wa Ulaya ameuzoea kama haki yake. Nairobi iko takriban nyuzi moja na robo kusini ya ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, na huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika kumi. Hushuka wima. Kutoka machweo hadi giza kuna kama dakika ishirini na kidogo, basi. Tukio la jioni ambalo ratiba ya Ulaya ingelipa saa mbili, hapa lina nafasi ya picha mbili au tatu, na lazima mazoezi yawe yamekamilika, lenzi zimeshawekwa, na waigizaji wamesimama kwenye alama zao dakika arobaini kabla.

Mchana nao una adhabu yake. Jua la utosini hutia kivuli kwenye matundu ya macho, na kofia ya shambani humeza uso mzima. Ratiba ya busara hupiga nje kuanzia alfajiri hadi saa tatu na nusu, huingia ndani ya nyumba wakati wa utosi, na kutoka tena saa tisa na nusu alasiri. Picha ya nje isiyoweza kusubiri hufunikwa kwa pazia la kuchuja mwanga la mita 6 kwa 6 juu ya vichwa, na pazia hilo kwenye upepo wa Bonde la Ufa linahitaji watu wanne wa kulishikilia na magunia ya mchanga kila pembe. Ngozi nyeusi na ngozi nyeupe zikiwa kwenye fremu moja chini ya jua hilo, pima mwanga kwa uso wa mwigizaji mweusi kwanza, kisha mzuie mwingine kwa kitambaa. Ukifanya kinyume, Owuor anabaki macho na meno, na hakuna urekebishaji wa rangi utakaorudisha kitu ambacho hakikunaswa.

Kuna na jambo la ngozi kuungua. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Mwigizaji wa Ulaya akienda kuogelea Jumapili bila kofia, Jumatatu ana pua nyekundu, na Jumatatu hiyo anapiga tukio la siku yake ya kwanza Afrika. Kwenye mwinuko wa Nairobi, unaokaribia mita 1,800, nusu saa inatosha kuharibu mwendelezo. Mkataba wa mwigizaji huwa na kifungu kuhusu hili, na anayekisimamia ni mtu wa vipodozi. Mwongozaji hasubiriwi.

Msimu ni suala la kalenda tu: mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ziepukwe, na ijulikane kwamba Julai Nairobi ni mawingu na baridi. Ukitaka anga la buluu, Januari na Februari. Pia karatasi ya ratiba ya siku iandikwe kwa saa za tarakimu nne, 06.00 au 18.00. Kikosi chenye watu wa saa za Kiswahili na watu wa saa za Kizungu kikiandikiwa "saa 6", gari moja litafika alfajiri na lingine adhuhuri.

Filamu ya Link ni ya enzi ya celluloid, yaani utepe wa filamu unaosafishwa maabara, na vijana wanaoanza leo na kamera za dijitali wanapaswa kujua maana yake kikazi. Rola ya 35 mm ya mita 122 hutoa dakika nne na sekunde ishirini na sita. Rola kubwa ya mita 305 hutoa dakika kumi na moja. Kila mara mwongozaji anaposema "tuendelee, usikate", kuna mtu anahesabu mita. Negativu inayopigwa mbali na maabara husafirishwa kwa ndege, na mikebe hiyo haipaswi kupita kwenye mashine ya eksirei ya mizigo mikubwa, kwa sababu huacha ukungu kwenye picha. Inatakiwa barua, mtu wa forodha anayejua, na ukaguzi wa mkono. Mwongozaji huona kazi yake siku kadhaa baadaye. Kama unywele ulikaa kwenye dirisha la kamera, au fokasi ilipotea kwa sentimita tano, hatajua hadi maabara ipige simu. Ndiyo maana kanuni ya zamani ilikuwa kutovunja seti wala kumruhusu mwigizaji kuondoka kabla ya ripoti ya maabara. Dijitali imeondoa hofu hiyo na kuleta nyingine: nakala. Tatu, kwenye diski tofauti, zikihakikiwa faili kwa faili, na moja isilale jengo moja na nyingine. Kadi ya kamera isifutwe kwa neno la mdomo la "nimeshahamisha".

Kuhusu vibali nitapita haraka, kwa kuwa ada na fomu hubadilika. Kampuni ya nje haipigi filamu Kenya kwa jina lake tu. Hupitia wakala wa filamu aliyesajiliwa nchini, na wafanyakazi wa kigeni wanaokuja kwa muda mfupi huombewa kibali maalumu cha uhamiaji. Mbuga za wanyama ni mlango mwingine, droni mlango mwingine, kaunti mlango mwingine. Tanzania Bara ina Bodi ya Filamu, na Zanzibar ina mamlaka yake, kwa hiyo kibali cha Dodoma au Dar es Salaam hakikufungulii Mji Mkongwe. Kinachokwamisha zaidi ni orodha ya vifaa. Kila lenzi iandikwe na namba yake, ilingane na kilicho kwenye sanduku, irudi kama ilivyokuja. Betri moja iliyosahaulika hotelini inaweza kushikilia dhamana ya shehena nzima.

Malipo ya watu wa kundi, wale wanaojaza soko au stesheni kwenye tukio, yanastahili kuangaliwa kuliko yanavyoangaliwa. Mkaguzi wa mfuko wa Ujerumani anataka hati kwa kila euro. Bibi aliyeleta mbuzi wake kwenye picha hana kitabu cha risiti. Wakati wa Link fedha taslimu na daftari la kutia sahihi au kidole gumba ndivyo vilivyokuwepo. Tangu M-Pesa ianze 2007, rekodi ya muamala imefanya kazi ambayo wahasibu walikuwa wakigombania. Lakini lipeni siku ileile, kabla gari la kamera halijaondoka. Kijiji kilichocheleweshewa malipo siku moja hakitakuwa kijiji kilekile siku ya pili, na kijiji kina haki.

Tykwer aliingia kwa mlango mwingine kabisa. Mke wake, Marie Steinmann, alikuwa akifanya kazi ya sanaa na watoto wa Kibera, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Soul Boy, filamu ya saa moja hivi iliyotoka 2010, iliyoandikwa na Billy Kahora na kuongozwa na Hawa Essuman. Tykwer, ambaye wakati huo alikuwa ameshapiga filamu kubwa za kimataifa, hakuongoza. Alisimamia. Kampuni yao ya One Fine Day Films ikashirikiana na Ginger Ink ya Nairobi, na warsha zikaanzishwa pamoja na DW Akademie, kitengo cha mafunzo cha shirika la utangazaji la Ujerumani, Deutsche Welle, ambako waandishi, waongozaji, wapiga picha, wahariri na mafundi sauti kutoka nchi mbalimbali za Afrika walifundishwa na watu wanaofanya kazi hizo, kisha baadhi yao wakaunda kikosi cha filamu iliyofuata. Kutoka hapo zikaja Nairobi Half Life, Something Necessary ya Judy Kibinge, Veve ya Simon Mukali, Kati Kati ya Mbithi Masya iliyopata tuzo ya wahakiki ya FIPRESCI kwenye tamasha la Toronto 2016, na Supa Modo ya Likarion Wainaina iliyoonyeshwa Berlinale, tamasha la filamu la Berlin, 2018.

Angalia tena jedwali la fedha na utaelewa iliwezekanaje. Sehemu muhimu ya gharama ilitoka kwenye fedha za ushirikiano wa maendeleo, zikiwemo za wizara ya Ujerumani inayohusika na jambo hilo. Fedha hizo haziulizi mwongozaji ana pasipoti gani. Zinauliza nani amefunzwa na amebaki na nini. Kwa swali hilo, Mkenya kukaa kwenye kiti ndiyo jibu sahihi, na Mjerumani kukaa pembeni ndiyo kazi aliyolipiwa. Wapo wanaoidharau njia hii kwa kuiita filamu za wafadhili. Mimi naona wanaangalia bahasha na kuacha picha. Mtazame Joseph Wairimu akiigiza Mwas, kijana anayeshuka Nairobi na ndoto ya kuigiza akaporwa mchana kweupe, halafu useme ni mfadhili gani angeweza kuiandika Sheng ile.

Ila njia hiyo ina matatizo yake, na kubwa liko kwenye macho. Mwigizaji akimaliza tukio na mwongozaji akisema "kata", mwigizaji hutafuta uso wa kumwambia kama amefanya vizuri. Akijua kwamba aliyeketi nyuma ya mwongozaji ni mtu wa filamu za Hollywood, macho yake huruka bega la mwongozaji na kutua kule. Yakiruka mara tatu, mwongozaji amekwisha. Hata mpiga picha ataanza kuulizia kule nyuma. Kwa hiyo msimamizi wa aina hii hatakiwi kukaa mbele ya skrini kuu. Akae kwenye hema lingine na skrini yake, asiongee na mwigizaji kuhusu uigizaji hata kwa sifa, na maoni yake yapite kwa mwongozaji peke yake, wakati wa kupanga taa au jioni. Akitaka teki nyingine, yaani tukio lirudiwe, amwambie mwongozaji sababu, na mwongozaji awe na haki ya kukataa. Kwenye skripti ni hivyohivyo: msimamizi anaweza kusema tukio la 42 halieleweki, lakini asiandike yeye mstari wa kulieleza, maana utakuwa mstari wa Berlin katika kinywa cha River Road, Nairobi.

Kibera yenyewe hufundisha ufundi wake. Vichochoro vingine havizidi mita moja, kwa hiyo reli ya kamera haiingii. Kamera hubebwa begani na taa hupunguzwa hadi vipaneli vidogo vya betri. Wafanyakazi wawe wachache, kwa sababu kila mtu wa ziada huleta watazamaji kumi. Sauti ndiyo vita. Mabati hupasua yanapopata moto asubuhi na yanapopoa jioni, mlio mkavu ambao masikio huuzoea lakini maikrofoni haiuzoei. Mvua ikinyesha juu yake hakuna mazungumzo yanayonaswa. Redio ya jirani ina wimbo wenye hakimiliki, na ukisikika chini ya maneno ya mwigizaji, mhariri hawezi kukata bila wimbo kuruka. Fundi sauti mzuri huwa na mtu wa mtaa ambaye kazi yake ni kuomba redio zizimwe kwa dakika tano, na kulipa fadhila hiyo. Kila mahali anyamazishe watu nusu dakika arekodi ukimya wa mahali hapo. Bila ukimya huo, uhariri wa Cologne utajazwa na ukimya wa Cologne.

Umeme pia. Kenya ni hezi 50 kama Ujerumani, kwa hiyo kamera ikipiga fremu 24 kwa sekunde, shata (kifuniko kinachopima muda wa mwanga kuingia) iwekwe nyuzi 172.8, yaani sehemu ya 1/50 ya sekunde, taa za vibanda zisipepese. Lakini jenereta ndogo ya mtaani haitunzi hezi 50. Inapanda na kushuka kila mtu anapochomeka pasi. Picha inayopepesa taratibu, kama mtu anayepumua, imeharibikia hapo, na haionekani kwenye skrini ndogo ya mchana. Jenereta yenye kidhibiti cha masafa ikodiwe, hata kama inakula fedha ya siku nzima ya gari.

Upande wa saa za kazi, sheria ya Ujerumani humpa mfanyakazi mapumziko ya saa 11 kati ya siku moja na inayofuata. Mafundi wa Kijerumani wana hilo kwenye mikataba yao. Wenzao wa Nairobi wakiitwa saa mbili mapema kufungua lokesheni na wakiachwa kufunga, kikosi kimegawanyika matabaka mawili ifikapo wiki ya pili, na dereva aliyelala kwa muda wa saa nne tu ndiye anayeendesha watu wote barabara ya Naivasha usiku. Kanuni iwe moja kwa wote. Hili si suala la ukarimu, ni usalama.

Wim Wenders alionyesha njia ya tatu na Perfect Days ya 2023. Alikwenda Tokyo, akaandika na Mjapani, Takuma Takasaki, fedha zikitoka hasa Japani, akapiga kwa siku 17 na Kōji Yakusho aliyetwaa tuzo ya mwigizaji bora Cannes. Japani ikaipeleka Oscar kama filamu yake. Mwongozaji alikuwa Mjerumani, na bado filamu ikawa ya Kijapani, kwa sababu mengi yaliyomzunguka yalikuwa ya pale. Kwetu njia hii bado ni ngumu: inahitaji fedha ya nyumbani inayomwajiri mgeni, na si mgeni anayekuja na fedha.

Kwa mtayarishaji wa Nairobi, Dar au Kigali anayeletewa mkataba na kampuni ya Ujerumani, kuna kifungu kimoja cha kusoma kabla ya bajeti: sheria ya nchi gani inatawala. Ujerumani inamtambua mwongozaji kama mtunzi wa filamu, na haki zake za kimaadili (kutajwa jina na kazi yake kutoharibiwa) haziuziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua kama mtunzi yule aliyefanya mipango ya filamu kutengenezwa, yaani mtayarishaji. Mwongozaji Mkenya anayefanya kazi chini ya mkataba wa Nairobi, kwa hiyo, anaweza kuwa na haki pungufu kuliko mhariri wa Kijerumani aliyekaa naye chumba kimoja. Liandikwe: nani ana uamuzi wa mwisho wa uhariri, nani anaidhinisha tafsiri inayoandikwa chini ya picha, nani anamiliki haki za kuonyesha Afrika Mashariki na kwa miaka mingapi, na mafaili asilia yanakaa wapi. Haki za Afrika Mashariki zibaki kwa kampuni ya hapa, na nakala kamili ya filamu, ikiwa na sauti za mazungumzo zilizotenganishwa na muziki, iletwe Nairobi kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.